Maji Matamu ya Nhiên

Mwalimu Diệp alikuwa na wanafunzi kumi. Wakipungua hata mmoja, idara ya elimu ingelifunga tawi lile la shule kisiwani, na watoto wangelazimika kuvuka mto kila asubuhi kwenda kusoma. Ndiyo maana kila familia iliyofungasha virago ilimnyima usingizi.

Jumatatu aliwaambia walete maji ya aina mbili: ya chumvi kutoka mtoni, na maji matamu kutoka nyumbani. Wangepanda choroko vikombeni, waone kiumbe hai kinavyotegemea kilichokizunguka.

Kesho yake Nhiên, binti wa Bảy Lượm, akatoa chupa ya soda ya machungwa.

Darasa likapasuka kwa vicheko. "Choroko za sherehe hizo!" akapiga kelele Khang. "Zitaota na mapovu!"

"Mwalimu si alisema maji matamu?" Nhiên alijitetea, machozi yakimlengalenga. Kwao soda na maji yasiyo na chumvi huitwa kwa jina hilohilo moja. "Kisima chetu kimeingia chumvi. Yamebaki ya kunywa tu, na baba amesema asiyaguse mtu."

Vicheko vikakatika. Visima vya kwao navyo vilikuwa njiani kuingia chumvi. Mwalimu Diệp akammiminia maji kutoka chupa yake mwenyewe.

Baada ya siku tano, choroko za maji matamu zilikuwa zimesimama. Za maji ya mto zilikuwa zimeoza ndani ya maganda. "Mmea hauna miguu ya kukimbia," Mwalimu alifundisha. "Mzizi ukishaungua kwa chumvi hadi ukafa, hata mvua ya gharika haiufufui." Wakaandika. Walioyaziba maji ya mto huko juu kwa mabwawa, hadi bahari ikapanda mtoni, hawakuwamo darasani. Wao wanalijua somo hili tangu zamani, na halijawanyima hata lepe la usingizi.

Jioni hiyo Bảy Lượm alikuja shuleni, ameshika mzizi wa mbalungi kutoka shambani kwake, mweusi, unaomeguka kama biskuti.

"Mwalimu, mtoto ananisomea daftari lake. Eti huu hauamki tena. Ni kweli, au ni mambo ya vitabuni?"

Misimu mitatu alikuwa akisubiri mvua. Neno moja tu, *subiri*, lingembakiza kisiwani, na Nhiên pamoja naye. Diệp alilihisi neno hilo likimwasha ulimini.

"Miti yote iko hivi, Kaka Bảy?"

"Yote. Nimechimba shina kwa shina."

Akaumega ule mzizi, akautazama ndani. Ulikuwa mkavu hadi kiini.

"Ni kweli, kaka. Imekufa."

Bảy Lượm alitikisa kichwa polepole. "Mke wangu aliniambia mwaka juzi. Nikamwita mwoga." Akacheka kicheko kisicho na sauti. "Basi niandikie karatasi ya uhamisho wa mtoto. Shemeji yangu yuko kiwanda cha viatu, anasema wanachukua watu."

"Unajua wakibaki tisa…"

"Najua, Mwalimu. Kisiwa kizima tunajua. Nisamehe."

Karatasi ilikuwa na nafasi ya sababu ya kuhama. Diệp aliandika *chumvi*, akakumbuka kwamba idara haitaipokea kuwa sababu, akaikata kwa mstari na kuandika: *kuwafuata wazazi*. Kisha akagonga muhuri.