Mashine ya Salfa na Mkono wa Baba

Mashine inayowaka kisha ikazima inaudhi kuliko ile isiyowaka kabisa. Isiyowaka unaitupa pembeni, unatafuta njia nyingine. Hii nyingine inakupa tumaini, unaibeba mgongoni mpaka mkorosho wa pili, halafu inakohoa na kunyamaza, nawe umebaki umesimama na mzigo wako.

Mwaka huo nililifunga duka langu la vitenge pale Chikongola mjini nikarudi kwetu kijijini, upande wa Nanyamba. Baba alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza, na maneno yakamwishia kabisa. Miaka yote yeye ndiye aliyepuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, na mikorosho ilikuwa imeshatoa maua. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, haumsubiri mgonjwa apone. Ukishaingia kwenye maua huna korosho, na sisi bila korosho tusingeweza kumrudisha Baba mjini kwenye mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, nilivuta kamba ya mashine ya kupulizia. Ikawaka. Ikazima. Nilibadili plagi. Nilikung'uta chujio la hewa, likatoa vumbi la njano hadi nikapiga chafya. Nilimwaga petroli yote nikachanganya nyingine na oili. Fundi wa bodaboda alifungua kabureta, akaisafisha, akasema haina kosa. Ajabu ni kwamba kila nilipofungua tangi kuangalia mafuta, mashine iliwaka tena vizuri, nami nikajiona fundi. Haikupita muda ikakohoa. Niliitukana kwa maneno ambayo sikufundishwa madrasa.

Baba alikuwa barazani, ameegemea ukuta. Kila mashine ilipozima, aliinua mkono wa kushoto akauzungusha hewani, kama mtu anayefungua chupa.

"Maji hayo," Mama alisema. "Baba yenu anataka maji."

Akamletea. Baba akageuza uso. Mama akadhani ni dawa, akafungua kichupa, Baba akakisukuma na vidonge vikatawanyika mkekani. Kisha akalia, machozi tu, bila sauti.

"Mwanangu, iache hiyo mashine," Mama akasema. "Inampigia kelele kichwani. Huoni anavyoteseka?"

"Nikiiacha, Mama, tutavuna nini? Majani?"

Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Nikaibeba ile mashine kwa hasira nikaitua barazani, mbele ya Baba kabisa, nivue mikanda niachane nayo. Baba akanyoosha mkono wa kushoto. Haukunifuata mimi wala Mama. Ulikwenda kwenye kifuniko cha tangi, ukakishika, ukakizungusha. Hewa ikaingia kwa mluzi mdogo, fyuu.

Nikakitoa kifuniko nikakitazama kwenye mwanga. Kina kitundu cha kupumulia, kidogo sana, nacho kilikuwa kimezibwa na salfa iliyoganda. Tangi lilikuwa linakosa hewa, na petroli haishuki kutoka kwenye tangi lisilopumua.

Mama akakaa chini. Kila msimu alimgombeza Baba kwa sababu ya shati kunuka petroli mgongoni. Wewe mwanaume, kwani kukaza kifuniko ni kazi? Baba alikuwa akicheka tu, anakilegeza, anakizungushia kitambaa, anakwenda zake shambani. Tangu augue, Mama ndiye aliyekuwa akikikaza kile kifuniko kila nilipokifungua, kwa nguvu zake zote.

"Kumbe alikuwa anatwambia," alisema.

Nilizibua kitundu kwa sindano. Mashine ikanguruma, nikapuliza mstari mzima na mwingine, mpaka umande ukakauka. Niliwaza mavuno, nikawaza Baba anatembea. Nilirudi nyumbani njano tupu, nywele hadi kope, ninataka kumwambia kwamba maua yamepona, kwamba yeye ndiye aliyeyaponya.

Baba hakutabasamu. Alinitazama sana, akainua ule mkono wa kushoto. Akajigusa kifuani, akaonyesha mlango wa chumbani, akajigusa tena kifuani. Akarudia, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Mama akanitazama. Nami nikamtazama. Hatukujua bado anataka nini, lakini safari hii hakuna aliyekimbilia maji; tulikaa mbele yake tuufuate mkono.