Bibi Alipoifuata Dawa Yake

Usiku ule sikukusudia kulala. Niliketi kitandani kando ya mume wangu, Athumani, nikisubiri saa sita ifike nimpe kijiko cha pili. Siku tatu kabla alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka. Mgongo ulimuuma hata akalia mbele ya watoto, na vidonge alivyopewa hospitali havikumtosha. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikakumbuka chupa ya marehemu bibi.

Bibi alikufa kwa saratani. Miezi yake ya mwisho alipewa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, nami ndiye niliyempimia kwa bomba dogo la plastiki. Muuguzi aliniambia zaidi ya mara moja kwamba itakayobaki niirudishe. Sikuirudisha. Dawa iliyompa bibi yangu usingizi, niitoe nyumbani? Niliona ni kufuru. Bomba lilishapotea, kwa hiyo jioni ile nilimpa Athumani kijiko kimoja cha chakula, kwa kukadiria tu, juu ya vidonge vyake. Chupa nikaiweka chini ya mto. Usingizi ukaniiba.

Nikamwona bibi ukumbini kwetu, amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anapepeta mchele. Nilifurahi. Nikataka kumuuliza amekuja saa ngapi. Alipogeuka nikaona pamba puani mwake, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilishika ndoo alipooshwa.

"Mke mwenzangu," akaniita, "nimefuata dawa yangu."

Ndivyo alivyoniita maisha yake yote. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mume wangu alikuwa mume wake pia, na alizoea kusema kwamba akitangulia atarudi kumchukua. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Sasa sicheki. Kwetu husemwa marehemu akikupa kitu ndotoni ni heri, lakini akichukua kitu chako, kuna mtu wa nyumba hiyo atamfuata. Ninaificha chupa ndani ya kanga na kukimbia.

Ukumbi unakuwa korido ya hospitali. Mabenchi ni matupu. Bibi anakuja nyuma yangu polepole, kwa miguu ile iliyovimba ya siku zake za mwisho, na kila nikitazama amenikaribia zaidi. Nasukuma mlango. Ni chumba chetu, na Athumani amelala chali chini ya shuka la bibi. Nasubiri kifua chake kiinuke. Nasubiri. Bibi ameshaketi karibu naye, anampangusa jasho.

Nilimwomba amwache. Nilimwambia watoto bado wadogo, na mwanamume huyu hajatenda kosa lolote. Hakukasirika, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

"Hii ilipimiwa mwili wangu na maumivu yangu," akasema. "Yeye, nani amempimia?"

Naikumbatia chupa, najua ni ujinga, na mikono haitaki kufunguka. Bibi ananyoosha kiganja.

"Usiponipa wewe, ataniletea yeye."

Nikampa. Nilikuwa nalia kwa sauti, nikiamini nimemuuza mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Vidole vyake vikagusa vyangu, baridi kama mtungi, nikaamka.

Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Sijui niliitoa saa ngapi chini ya mto. Dakika chache zilikuwa zimebaki kufika saa sita. Athumani alikoroma mara moja, kwa uzito, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kunyamaza, kisha akakoroma tena. Nikamwita. Hakuitika. Nikamtikisa bega, nikampiga kofi, nikapiga ukuta kumwamsha jirani mwenye bajaji. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndotoni, maana hapa hapakuwa na pa kuamkia.

Hatimaye alifungua jicho moja. Ulimi ulikuwa mzito.

"Niache nilale," akasema. "Siumwi tena."

Sikumwacha. Nilimkalisha, nikaanza kumvisha shati huku nikimsemesha asifumbe macho, na chupa nikaitia mkobani ili daktari aone nilichompa.