Kipande Kilichokatwa Chini ya Picha

Karatasi ya picha ikiungua hutoa harufu kali, chungu, inayoshika kooni. Naijua vizuri kwa sababu niliichoma mwenyewe nikiwa na miaka tisa, kwenye jiko la makaa la mama, msimu ule tuliorudi Juba kutoka Kitale. Mama alikuwa amenunua fremu soko la Konyo Konyo atundike picha ya ubatizo wa kaka yangu Lado, akiwa mchanga ndani ya kitambaa cheupe. Picha ilizidi fremu kidogo. Pale chini palikuwa na tarehe iliyopigwa na kamera kwa tarakimu nyekundu, na mama aliiona uchafu tu. Akashika mkasi, akakata, akanipa kile kipande nikitupe. Nikakitia motoni, nikafurahia kukiona kikijikunja. Picha ilipendeza kweli ukutani.

Kabla mvua hazijaisha, walikuja wanaume wenye bunduki kutafuta vijana wa kupeleka vitani. Lado alikuwa na miaka kumi na minne, ila kimo chake kilikuwa cha mtu mzima. Mama akatoa cheti cha shule. Mkubwa wao akacheka. "Januari mosi! Mama, nchi hii watu wote wamezaliwa Januari mosi?" Hakukosea. Makarani walimwandikia hivyo kila asiyejua siku yake, na wa shule yetu alituandikia sisi pia bila hata kuuliza. Mama akakimbilia ukutani, akashusha picha. "Muone, ndiye huyu. Ni mtoto wa juzi tu!" Yule mtu akaigeuza, akatafuta nyuma, akatafuta pembeni. "Hii iko ya lini?" Mama akanitazama mimi. Wakamchukua Lado na ndala zake miguuni, na mpaka leo hajarudi. Wasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilimpakata nikiwa na miaka tisa.

Siku hizi nafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, na kutwa nzima nagonga mihuri ya tarehe kwenye makaratasi ya nyanya na sabuni kutoka Entebbe. Nyanya hata zikioza, inajulikana zilifika lini. Watoto wangu nawapiga picha kwa simu, nayo hujiandikia siku na saa bila kuombwa. Naona uchungu, na wivu pia, sifichi. Mwaka huu mama amekubali hatimaye Lado aombewe kanisani kama marehemu. Katekista akafungua daftari, akauliza alifariki siku gani. Mama akaweka mikono mapajani.

"Andika Januari mosi," akasema.