Kufuli ya kusoma ilitaka kunipotezea mama yangu

Jamani, leo kode yangu ya kompyuta ilikaribia kuua mama.

Minye ndiye nilitengeneza ukurasa wenye unaonyeshaka kama njia ya Luberizi iko salama.

Mama alikuwa ameshapanda pikipiki ya kwenda kule, anasoma kwa telefone: "Njia iko muzuri."

Pale pale Furaha, mwenye anatuandikiaka habari ya njia, akanipigia kutoka Luberizi:

"Weye! Huku iko masasi, bunduki zinalia! Nimeandika 'njia imefungwa', ukurasa unazunguka tu, haupokei!"

Nikakimbia. "Mama, shuka!"

Kiisha nikafungua kode.

Wasomaji wengi wanashikaka pamoja kufuli ya kusoma, ile inazuia habari isibadilishwe wakati wanasoma. Mwenye kuandika anangoja wote waiachilie. Na minye niliweka kuachilia kule mwisho, ukurasa ukiisha kutumwa. Msomaji moja, rezo ya telefone ikamukata katikati. Kode haikufika kule mwisho. Kufuli ikabaki imeshikwa, Furaha akangoja, wengine wakaendelea kusoma habari ya zamani!

Sasa nimeirekebisha, kufuli inaachiliwa hata kosa ikitokea. Wenzangu wa kode, zenu mumeangalia?

Mama ameniuliza: "Kode ilikuwa inangoja nani?"

"Muntu mwenye alishaenda."

"Basi uifundishe isingoje. Hii vita, wengine hawarudi."