Jina la Babu wa Watu Wengine

Jina langu ni la Kidenmaki: Aage. Baba alikuwa seremala wa hospitali ya misheni, akanipa jina la daktari aliyemwokoa mama siku niliyozaliwa. Alifanya hivyo kwa shukrani, na hadi leo sijamsamehe.

Kwetu Unyamwezini mjukuu wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Ndivyo marehemu anavyobaki nyumbani: anaitwa kula, anatumwa maji, anagombezwa. Babu alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla, na nafasi yake akapewa mgeni. Baba alikuwa mtoto pekee, nami ni mwanawe pekee. Bibi hakuwahi kulitamka jina langu. Aliniita "mume wangu", kama bibi yeyote amtaniavyo mjukuu, ila yeye hakuwa anatania. Nilipooa aliniambia nimzae mumewe upesi.

Miaka kumi na tisa sasa. Tumekwenda hospitali, kwa waombeaji, na kwa watu ambao mchungaji wetu hapaswi kuwajua. Mtoto hakuja. Mke wangu amechoka kuulizwa, nami nimechoka kumwona amechoka.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kidenmaki alifika ofisini kwetu Tabora mjini, akasoma kitambulisho changu, akacheka. Alisema hilo ni jina la vizee, kwao vijana hawaitwi hivyo. Nikamuuliza maana yake. Akaniambia ni la kale sana, na asili yake ni mhenga, babu wa ukoo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumamosi nilipanda bajaji hadi Ntalikwa, kijijini kwa bibi. Bibi hainuki tena kitandani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kwamba kumbe jina langu maana yake ni babu, na huenda baba hakukosea sana. Nilijiona mjinga hata kabla sijamaliza.

Bibi alinitazama kwa huruma, mimi niliyekwenda kumfariji.

"Babu wa nani?" aliuliza.

Nikasema wa watu wa huko.

"Wa kwetu mimi ndiye ninayemwita. Nikifa, nani atamwita?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akaliita jina la babu mara mbili, kwa sauti ya kumwita mtu aliye uani. Nilikuwa nimekaa pale pale ubavuni mwake, na sikuthubutu kuitika.