Wimbo wa Naomi Haukuwa Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kutafuta visingizio, maana najijua. Nilisema wimbo ni wangu, na haukuwa wangu. Jina langu sitaliandika hapa. Lilishatajwa redioni mara nyingi mno, tena kwa jambo ambalo sikulifanya.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Singida mjini. Ni miaka ile nchi bado changa, watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila mkutano unafunguliwa kwa wimbo wa kilimo. Sisi vijana watatu tulikuwa na bendi. Tuliiita Mawe Matatu, kwa sababu tulikuwa watatu na mji wenyewe umejaa mawe. Mimi nilipiga gitaa la kwanza na kuimba. Hamisi alipiga ngoma. Elia, Mnyiramba wa kijiji cha Ulemo, huko Iramba, aliyepakia magunia kwenye ghala la karanga, alipiga gitaa la pili.

Tulipenda muziki wa roki. Pravin, mtoto wa mwenye duka, alikuwa na santuri na sahani za muziki kutoka ng'ambo, na Jumamosi mchana alituruhusu tusimame dirishani tusikilize. Maneno hatukuelewa hata moja. Tulielewa magitaa yanavyonguruma. Kipaza sauti chetu kilitumia betri ya lori ya kuazima, na betri ikichoka gitaa lilikwaruza kama bati linaloburutwa. Sisi tulisema hiyo ndiyo roki yenyewe. Wazee waliuliza kama tumejaribu kulipeleka kwa fundi.

Siku moja Elia akaja na wimbo. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, hata njaa alikuwa haisemi. Akakaa juu ya gunia, akaupiga mara moja, akaimba chini chini:

"Naomi wa Ulemo, kovu lako la begani
linaniuma mimi. Nisamehe, nisamehe."

Beti zilikuwa tatu, sauti nzuri, na gitaa linapanda taratibu mpaka linalipuka. Hamisi alisahau kupiga ngoma. Mimi nilisikia wivu, nikauita furaha.

Nilichoongeza mimi ni "yeee". Ndiyo, "yeee" moja ndefu mwisho wa kila ubeti, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Watu wakiisikia walipiga makofi. Basi nikaanza kujiambia kwamba bila ile "yeee" wimbo ungekuwa nusu. Baada ya mwezi nilikuwa nimeshajiambia kwamba "yeee" ndiyo wimbo, na maneno ya Elia ni ya kupumzikia.

Wakaja watu wa redio na gari lao la kurekodi bendi za mikoani. Tulipiga ukumbini, tukapiga vizuri. Tulipomaliza, mwenye lori alikuwa nje anapiga kelele, anataka betri yake aende Manyoni. Elia akaibeba akatoka nayo. Hapo hapo bwana mmoja mwenye kalamu sikioni akatoa fomu.

"Jina la wimbo?"

"Naomi," nikasema.

"Mtunzi?"

Ndugu yangu unayesoma, palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Jina la Elia lina herufi nne tu. Hamisi alikuwa ananitazama. Nami nikataja jina langu, nikalitaja na la baba na la babu, yule bwana akaniomba nipunguze.

Wiki chache baadaye tulikuwa kwenye hoteli ya chai, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akasema sasa tunakwenda Singida, wimbo uitwao Naomi, mtunzi na mwimbaji ni fulani. Fulani ndiye mimi. Hoteli nzima ikashangilia.

Elia akaweka kikombe chini. "Wamekosea?" akaniuliza.

"Watakuwa wamekosea," nikamjibu. "Nitawaandikia barua."

Huo uongo wa pili ndio unaoniuma zaidi. Ule wa kwanza ulinitoka haraka. Huu niliusema nikimwangalia machoni. Na barua sikuandika. Karatasi nilikuwa nayo, wino nilikuwa nao, lakini watu walikuwa wameshaanza kuniita Mtunzi. Nikipita sokoni, Mtunzi. Baba yake Pravin, aliyekuwa haniiti chochote, akaanza kuniita Bwana Mtunzi na kuniletea suruali zake mwenyewe kushona. Nilinunua hata miwani ya jua. Jua la Singida mnalijua, lakini mimi niliivaa na ndani.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Huyo ni Mwajuma, mchumba wangu. Posa ilikuwa imeshapokelewa kwao.

"Naomi ni nani?" akaniuliza.

"Jina tu. La kutunga."

"Na Ulemo?"

"Limekaa vizuri kwenye sauti."

"Na kovu la begani nalo limekaa vizuri kwenye sauti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nawaapia, mimi mwenyewe sikujua kama Naomi ni mtu. Nilidhani Elia, kwa kuwa ni Mkristo, amelitoa kwenye Biblia.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Siku ya gulio, karibu na adhuhuri, Mwajuma alikuwa ameniletea ugali na mlenda pale barazani. Mara nikaona mzee mmoja mrefu mwenye koti zito na mama mmoja mnene wanashuka kwenye basi la kutoka upande wa Iramba. Wakamuuliza muuza vitunguu. Muuza vitunguu, kwa fahari kabisa, akaninyooshea kidole.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," nikasema, nikavua miwani.

"Marahaba," akasema mzee. "Wewe ndiye mtunzi wa wimbo wa Naomi?"

Nikasema ndimi. Nilidhani wanataka nikawapigie harusini.

"Mimi ni baba yake Naomi. Huyu ni shangazi yake."

Nikaiweka miwani juu ya cherehani.

Shangazi akajisogezea kigoda bila kukaribishwa. "Kule kijijini redio iko moja, ofisini kwa mwenyekiti. Jioni kijiji chote kinakaa pale kusikiliza taarifa ya habari. Basi tukasikia habari ya bega la mtoto wetu. Naomi huvaa gauni la mikono. Wewe bega umeliona wapi?"

"Mama, mimi simjui Naomi."

"Humjui, na kovu lake linakuuma?"

"Ni wimbo tu, mama."

"Unamwomba msamaha wa nini?"

Nilijaribu kufikiri haraka. Nikisema wimbo ni wangu, basi nina msichana Ulemo na nimemkosea jambo. Nikisema si wangu, basi mimi ni mwizi, na Mwajuma yuko hapo na sufuria mkononi, na watu wa gulio wameshaanza kukusanyika. Nikasema jambo la kijinga kuliko yote. Nikasema, "Yeee peke yake ndiyo yangu."

Watu wakacheka. Mzee hakuelewa, akamuuliza dada yake kwa Kinyiramba, naye akamtafsiria. Mzee hakucheka.

"Maneno ni ya nani?" akauliza.

Hamisi, aliyekuwa katika kundi lile, akakimbia ghalani kumwita Elia. Alikuja na vumbi la magunia kichwani, na alipowaona wazee wale alisimama wima kama yuko kanisani. Akawaamkia. Shangazi akamtambua. Kumbe nyumba zao zilipakana kabla watu hawajahamishwa.

"Elia," akasema mzee, "huu wimbo ni wako?"

Hapo ndipo nilipomjua Elia. Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Akanitazama, si kwa hasira, akasema polepole, "Redio imesema ni wake, baba. Jina la kwenye fomu alilitaja yeye, Hamisi alisikia. Mwulizeni."

Akanyamaza. Alivyozoea kunyamaza, angeweza kukaa hivyo mpaka magharibi.

Basi nikasema. Mbele ya Mwajuma, Pravin na baba yake, muuza vitunguu na wateja wake, nikasema: "Ni wa Elia. Maneno yake, sauti yake. Mimi niliuiba."

"Unaongopa ili ukwepe," akasema shangazi. Na mnaona, hata ukweli wangu ulikuwa umeshakosa wa kuuamini. Akawageukia wote wawili. "Anayeujua wimbo aniambie kovu limetoka wapi."

Mimi nikatazama chini.

"Uji wa mtama," akasema Elia. "Tulikuwa wadogo. Mimi ndiye niliyebeba chungu, nikajikwaa. Alilia siku tatu. Mimi nilikimbilia kwa mjomba, na sikuwahi kurudi kumwambia pole."

Watu wakasogea karibu. Hata muuza vitunguu aliwaacha wateja wake.

Nilikuwa nimeuimba ule wimbo mara mia. Nilikuwa nimefumba macho kwenye "nisamehe" ili wasichana waone nina uchungu. Kumbe mwenzangu alikuwa anaomba msamaha kweli, na msamaha wake nimeupeleka nchi nzima kwa jina langu.

Mzee alisafisha koo. "Mtu anayetaka kusema pole haji kwa redio," akamwambia Elia. "Anakuja nyumbani. Na akiwa na lingine la kusema, anakuja na wazee wake."

Elia alikwenda. Alikuwa nalo la kusema.

Mwajuma alikunja kitambaa cha sufuria yake taratibu. "Nikuamini ulipokuwa mtunzi, au sasa ulivyo mwizi?" akaniuliza. "Chagua kimoja, mimi nichukue muda wangu." Alichukua miezi minne. Posa haikurudishwa, lakini hakunipikia, wala hakunisalimia zaidi ya salamu ya njiani. Mwishowe alinikubali kwa sharti kwamba nisiseme tena neno "kutunga" ndani ya nyumba. Mpaka leo nikichelewa kurudi na nikaanza kueleza sababu, ananiuliza, "Hiyo nayo ni ya kwako, au umeikuta kwa mtu?"

Barua kwa redio niliandika siku ileile. Niliandika tatu. Sijui kama zilifika. Wimbo uliendelea kupigwa kwa jina langu miaka kadhaa, na kila ukipigwa nilikuwa nainuka kwenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa.

Harusi ya Elia na Naomi ilifanyika Ulemo, nami nilialikwa. Hilo lilinitisha kuliko kama nisingealikwa. Bibi harusi mwenyewe aliniletea sahani ya wali, ana mwanya mzuri, akaniambia, "Wewe ndiye uliyenitunga?" Wanawake wakacheka hadi wakashikana. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Baadaye watu wakaanza kuomba: Elia, tupigie ule wimbo. Gitaa lilikuwepo, nilikuwa nimelibeba mimi. Elia akatikisa kichwa. "Ule ni wa redio," akasema, akaomba kwaya iimbe.

Hakutunga mwingine. Bendi ilikufa, maana mimi na Hamisi tulibaki na ngoma na "yeee". Elia akawa mkulima katika kijiji cha ujamaa, mzuri tu. Nikienda Ulemo ananipokea, ananipa kiti, ananifungia karanga za kupeleka nyumbani. Lakini nikigusa habari za magitaa, ananiuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Kwa hiyo nawaambia vijana, hasa ninyi mnaoimba, mnaoandika, mnaosimama mbele za watu mkipigiwa makofi. Mkiulizwa kazi hii ni ya nani, litajeni jina la mwenyewe saa hiyohiyo. Mimi nilimrudishia Elia wimbo wake, na hakuutaka tena.