Darasa la Walioikosa Shule

Nilipopewa darasa la watoto walioikosa shule, kijijini upande wa Nkololo, mkuu wa shule aliniambia kwa ufupi, "Fuata mtaala, mwalimu. Miaka miwili, wakafanye mtihani wa darasa la nne na wenzao." Wengi wao walikuwa wamekulia machungani. Kiswahili walikisikia redioni. Nyumbani ni Kisukuma tu.

Kitabu tulicholetewa kilianza na mtoto aliyepanda lifti kwenda kwa shangazi yake. Kwa wiki nzima nilieleza lifti. Nilichora sanduku, nikachora kamba, nikachoka. Msichana mmoja wa miaka kumi na tatu, aliyekaa mbele kwa sababu haoni vizuri, aliniuliza, "Mwalimu, huyo mtoto ana miguu?"

"Anayo."

"Sasa kwa nini hapandi mwenyewe?"

Nikakiweka kitabu pembeni. Niliandika ubaoni bu-lu-ba, yaani pamba kwa Kisukuma, nikawapa silabi wazichezee. Kutoka hapo tukavuka taratibu kwenda Kiswahili. Mwezi haujaisha, yule msichana alisimama akasoma, "Mama anachuma pamba." Alirudia mara tatu bila kuambiwa.

Kisha akaja mthibiti ubora wa shule. Alifungua andalio langu la somo, akatazama ubao.

"Mwalimu, hii ni lugha gani?"

"Kisukuma, mzee. Naanzia wanapopajua."

"Lugha ya kufundishia unaijua. Tena uko nyuma sura nne."

Nilimwomba amsikilize yule msichana akisoma. Alitazama saa, akasema ana shule nyingine mbili za kupitia. Aliandika kwamba nimekiuka mtaala, na mkuu akaniagiza nirudi kwenye kitabu. Nilirudi kesho yake. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko maneno ya yule mzee: sikubisha hata kidogo.

Wiki mbili baadaye nafasi ya mbele ilikuwa wazi. Nilikwenda nyumbani kwa yule msichana asubuhi, nikamkuta mama yake anapepeta mpunga.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia.

Aliitikia, akanisogezea kigoda. "Mwalimu, huyu binti anasema siku hizi hamsomi, mnaimba tu."

Msichana alikuwa anasugua sufuria, hakuinua uso. Ilikuwa kweli. Darasani nilikuwa nasoma sentensi za kitabu, wao wanaitikia kwa pamoja, tunafungua ukurasa mwingine.

Nikamwambia msichana aje shuleni Jumamosi, nimfundishe peke yake. Alikuja Jumamosi mbili. Ya tatu nilikuta mlango wa darasa umefungwa kwa kufuli. Mkuu alisema darasa halifunguliwi siku za mapumziko bila kibali. Niliomba kibali kwa barua. Sikujibiwa. Mvua ziliponyesha, msichana akaenda shambani na wenzake.

Siku ya mtihani wa darasa la nne hakuwepo. Mkuu aliniambia niandike "mtoro" mbele ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Nilimkumbusha habari ya Jumamosi, habari ya kufuli.

"Daftari halina nafasi ya hayo, mwalimu," alisema.

Nikaandika.